Kabla Hujasachi Upya, Fuata Waya

Anayenipigia simu kuhusu TV huwa ameshafanya jambo moja kabla ya kunitafuta: amesachi chaneli upya. Rimoti ipo mkononi, skrini imeandika kwamba hakuna mawimbi, menyu ina sehemu ya kutafuta chaneli, anabonyeza. King'amuzi kinapekua masafa yote, hakikuti kitu, kinafuta orodha ya zamani na kuhifadhi orodha tupu. Asubuhi tatizo lilikuwa waya uliochomoka nyuma ya kabati. Mchana yamekuwa matatizo mawili, na hili la pili ndilo linaloitisha familia zaidi, maana hata waya ukirudishwa mahali pake chaneli hazionekani. Hapo watu wanaanza kusema kifaa kimekufa, na pesa ya kununua kingine inaanza kutafutwa.

Ninafanya kazi ya antena, madishi na ving'amuzi. Kibanda changu kipo Tandika, na mapaa ninayoyajua vizuri ni ya upande huu wa Temeke, Mbagala na Kigamboni. Ninaandika kwa ajili ya nyumba ambazo king'amuzi kipya ni gharama ya kweli, inayoondoa kitu kingine mezani. Nimeona vizima vingi vikitupwa. Ving'amuzi huharibika, sikatai, lakini kinachoharibika kwanza ni waya, vichwa vyake na antena yenyewe, vitu vinavyokaa juani na mvuani ambako hakuna anayevitazama.

Wakati wa analojia TV ililalamika mapema. Mawimbi yakipungua, chenga ziliongezeka. Yakigonga ghorofa na kurudi, mtangazaji alikuwa na kivuli chake pembeni. Mtu mmoja alipanda juu ya paa kuzungusha mlingoti, mwingine akasimama dirishani akipiga kelele, "Rudisha kidogo! Hapo hapo!" na waliokuwa sebuleni waliangalia taarifa ya habari hivyohivyo, na chenga zake. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika mwaka 2013 miji mingine ikafuata kwa zamu: Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Mbeya. Tanzania ilikuwa imewahi, kwa sababu tarehe ya mwisho iliyokubaliwa katika mkutano wa Geneva mwaka 2006 ilikuwa 17 Juni 2015. Tulielezwa sana habari za kununua ving'amuzi. Hatukuelezwa vya kutosha kwamba TV ya digitali hailalamiki.

Kwenye digitali picha na sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, na kabla ya kurushwa huongezewa tarakimu nyingine za akiba. Zikipotea chache njiani, king'amuzi hutumia zile za akiba kukokotoa kilichopotea, na wewe unaona picha safi kabisa. Zikipotea kupita kiasi ambacho akiba inaweza kufidia, hupati picha mbovu kidogo, hupati picha. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi nyembamba tu, ambamo picha inakatika miraba miraba, inaganda, na sauti inaruka. Ndiyo maana antena inaweza kuoza tangu masika hadi vuli huku kila mtu sebuleni akiapa kwamba jana ilikuwa inaonyesha vizuri. Ilikuwa inaonyesha vizuri, ni kweli. Ilikuwa pia imebakiza kidogo sana.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenye simu huwa: kipi kimeondoka? Watu hujibu, "Zote," kisha nikiuliza tena inaonekana si zote. Jibu hili lina thamani kuliko kifaa chochote nilichonacho kwenye mkoba, na sababu ni namna chaneli zinavyorushwa. Zamani kila kituo kilikuwa na masafa yake. Leo vituo vingi hufungwa pamoja katika fungu moja lenye upana wa megahezi 8, na fungu hilo husafiri kama kitu kimoja. Mafungu ya TV za antena yapo kati ya megahezi 470 na 694, na kila moja lina namba yake ya katikati: la kwanza 474, linalofuata 482, linalofuata 490, na kuendelea. Fungu likifika, vituo vyake vyote vinafika. Likikosekana, vyote vinaondoka kwa wakati mmoja.

Sasa tazama. Kikiondoka kituo kimoja tu na jirani zake wa fungu lilelile wapo, paa lako halina kosa. Tatizo lipo kituoni au kwenye kifurushi chako. Likiondoka kundi zima na makundi mengine yakabaki, ama anayerusha amehama masafa au amezima mtambo kwa muda, ama waya wako umechoka. Waya uliochoka hupoteza masafa ya juu kabla ya yale ya chini, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na fungu la 500 na kitu likiwa zima na la 600 na kitu limetoweka, akadhani kampuni imemfungia. Yakiondoka yote pamoja, ulizia kwa jirani mwenye king'amuzi cha kampuni ileile. Kwake zipo? Basi tatizo ni lako, na lipo mahali fulani kati ya antena na king'amuzi.

Kuna jibu jingine ambalo watu hulichanganya na haya, nalo ni maandishi ya malipo. King'amuzi kikikwambia kifurushi kimeisha au kadi haijaruhusiwa, kinakupa habari njema kuhusu paa lako: mawimbi yamefika na yamesomeka. Usipande popote. Na kikisema hakuna mawimbi, kulipia hakutasaidia. Nimemkuta baba mmoja ameongeza kifurushi cha mwezi mzima kwa sababu skrini ilikuwa nyeusi, kumbe panya walikuwa wamekula waya darini.

Hatua inayofuata haihitaji kupanda pia. Nenda kwenye menyu, sehemu ya kutafuta chaneli kwa mkono, ile inayokuomba namba ya masafa. Usianzishe utafutaji. Chagua tu masafa ya fungu unalolijua, kisha tazama chini: ving'amuzi karibu vyote huonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mmoja wa ubora wake. Watu hufurahia wa nguvu ukiwa mrefu. Mimi nautazama ubora. Nguvu inakwambia kuna kitu kingi kinachoingia kwenye waya, pamoja na kelele. Ubora unakwambia ni kiasi gani cha hicho kitu kinasomeka. Nguvu 90 na ubora 10 ni nyumba isiyo na TV. Nguvu 45 na ubora 85 ni nyumba inayoangalia mpira bila wasiwasi, na fundi atakayetaka kuwauzia busta watu wa nyumba hiyo hawatakii mema.

Mistari yote miwili ikiwa sifuri, karibu kila mara njia imekatika: waya umechomoka, umekatwa, au uzi mmoja wa zile nyuzi nyembamba za nje umegusa shaba ya katikati. Fungua kichwa cha kusokota nyuma ya king'amuzi, kitazame kwenye mwanga. Shaba ya katikati inapaswa kuchomoza milimita chache, iwe nyekundu na inayong'aa, imenyooka. Zile nyuzi nyembamba zinazoizunguka zinapaswa kurudishwa nyuma zote, hata moja isilale juu ya shaba. Uzi mmoja unatosha kuzima nyumba nzima. Hili ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kulitengeneza kwa kisu kidogo, kifaa kikiwa kimezimwa ukutani.

Sasa niwaeleze kuhusu mvua, kwa sababu hapa ndipo uongo mwingi unapouzwa.

Kuna bibi Mbagala Kuu ambaye TV yake iliondoka kila mvua iliponyesha na kurudi jua likishawaka siku mbili. Wajukuu walimwambia ni mawingu yanaziba. Muuzaji mmoja akamwambia king'amuzi chake ni cha kizamani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ila mimi cha kununua sina. Ukiniambia king'amuzi kipya, kaa tunywe chai uende zako."

Nilimwambia mvua haiwezi kuzuia mawimbi ya antena ya kawaida kwa namna ile. Mawimbi hayo ni marefu, sentimita 43 hadi 63 kutoka kilele kimoja hadi kingine, na matone ya mvua hayana uwezo wa kuyasumbua. Kinachosumbuliwa na mvua ni dishi. Mawimbi ya setilaiti zinazotumika majumbani ni mafupi, kama sentimita mbili na nusu, na mvua kubwa huyanyonya kweli. Kwa hiyo dishi likizimika wakati wa dhoruba na kurudi mvua inapopungua, hilo ni la kawaida, kaa usubiri. Lakini antena ya mlingoti ikizimika na mvua, na hasa ikichelewa kurudi mpaka kukauke, maji yameingia kwenye waya.

Nilipochomoa kichwa nyuma ya king'amuzi cha bibi, kilitoa tone. Waya ulikuwa umekunywa kutoka juu, kwenye kile kisanduku kidogo cha plastiki kilicho katikati ya antena, ambacho mfuniko wake ulikuwa umevunjika kwa jua. Maji yaliteremka ndani ya waya mzima, shaba ikawa ya kijani na ile karatasi ya aluminiamu ikawa unga mweusi. Watu hukata kipande cha mwisho, wakaweka kichwa kipya, wakaondoka. Wiki mbili baadaye tatizo lipo palepale. Waya uliokwisha kunywa hauponi hata ukikauka. Hubadilishwa wote, kutoka antena hadi chini. Nilimwekea mpya, nikaziba kisanduku kwa silikoni, nikafunga tepu nyeusi kwenye kichwa cha juu kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo yake iteremshe maji badala ya kuyapokea. Kisha, kabla waya haujaingia ukutani, nikauacha uning'inie upinde mdogo kuelekea chini, ili maji yanayoufuata yadondoke hapo yasiingie ndani. Upinde huo hauna gharama yoyote. Ukipita mtaani utaona nyumba ngapi hazina.

Pwani yetu ina ukali wake. Kuanzia Kigamboni hadi Mbezi, upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula vichwa vya chuma na kufanya aluminiamu ya antena iote unga mweupe. Nyumba iliyo karibu na maji inahitaji kukaguliwa vichwa vyake kila mwaka, hata kama picha ni safi. Ninasisitiza hata kama picha ni safi, kwa sababu ya ile akiba ya tarakimu niliyoieleza.

Urefu na unene wa waya pia vina hesabu yake. Waya mzuri wa TV, ule mnene wenye karatasi na nyuzi nyingi ndani, ukifika mita 20 huwa umekula karibu nusu ya nguvu iliyoingia juu. Ule mwembamba wa bei nafuu hula zaidi. Ukiweka spilita ya kugawa TV mbili, kila TV inapata chini ya nusu ya kilichobaki. Nimeingia nyumba ambayo waya mmoja umegawanywa sebuleni, ukagawanywa tena ukumbini, na mwisho wa safari upo chumba cha watoto ambako TV "imeharibika". Nilibeba TV ya watoto mpaka sebuleni, nikaichomeka kwenye waya wa sebuleni, ikawaka na chaneli zote. Njia hiyo ya kubadilishana vifaa mahali pawili ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote: kifaa kikipona kwa kuhama, kosa lipo kwenye njia.

Busta, sasa. Sina ugomvi na busta yenyewe, nina ugomvi na namna inavyouzwa, kama vile ni dawa ya kila ugonjwa. Busta hufanya kazi ya kipaza sauti kwenye harusi: kinakuza sauti ya mwimbaji, na kinakuza vilevile kelele za jenereta lililo nyuma yake. Mahali pake sahihi ni juu, karibu na antena, kabla waya haujaanza kupoteza, na kazi yake ni kufidia waya mrefu au spilita. Ukiiweka nyuma ya TV, mwisho wa waya uliochoka, inakuza uchovu. Na ukiiweka kwenye nyumba iliyo karibu na mnara, inaharibu kabisa, maana king'amuzi kinapigwa na nguvu ambayo hakiwezi kuihimili, mstari wa nguvu unajaa na wa ubora unaanguka. Jaribio lake ni dogo. Itoe busta, unganisha waya moja kwa moja, tazama ubora. Ubora ukipanda, umeokoa pesa na umeme.

Kinyume chake pia hutokea. Antena nyingi zinazouzwa siku hizi zina busta ndani yake, na busta hiyo hula umeme mdogo unaopanda kupitia waya uleule wa mawimbi, kutoka kwenye adapta yake au kutoka kwa king'amuzi chenyewe. Umeme wa ukutani ukikatika na kurudi kwa kishindo, adapta hiyo huungua kimya kimya, na antena yenye busta isiyo na umeme ni mbaya kuliko antena isiyo na busta kabisa. Kama TV iliondoka siku umeme ulipocheza, anzia hapo. Na kama king'amuzi kilirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, angalia kwenye menyu kama sehemu ya umeme wa antena imezimwa. Mara nyingi huwa imezimwa.

Kuhusu kuielekeza antena, tabia ya zamani ya kupiga kelele dirishani inawapotosha watu. King'amuzi huchukua sekunde kadhaa kuyakamata mawimbi na kuonyesha ubora. Ukizungusha bila kusimama, utapita mahali pazuri pasipo kujua. Sogeza kidogo, subiri, uliza, sogeza tena. Vile vijiti vya antena vina maana: urefu wake, kati ya sentimita 22 na 32 hivi, umepimwa kwa urefu wa mawimbi yenyewe, na vile vikongwe virefu vya mita moja na zaidi mnavyoviona kwenye mapaa ya zamani vilitengenezwa kwa masafa mengine. Angalia pia kama vijiti vya majirani wenye kampuni yako vimelala au vimesimama, kwa sababu antena iliyolala hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi yaliyorushwa yakiwa yamesimama. Na usitarajie kitu kutoka kwa antena ya ndani iliyofichwa chini ya bati. Bati ni ukuta kwa mawimbi haya. Ipeleke dirishani, upande wa mnara, mbali na nondo kadiri inavyowezekana, na ujaribu kuisogeza hata nusu hatua, kwa sababu mawimbi yakigonga kuta hujumlishana mahali fulani na kufutana sentimita chache pembeni.

Wanaokaa kwenye ghorofa za Kariakoo hunishangaa ninapowaambia kwamba majengo yale, yaliyokuwa yakiwapa vivuli vinne vya mtangazaji wakati wa analojia, sasa yanaweza kuwasaidia. Fungu la digitali halisafiri kama wimbi moja. Limegawanywa katika maelfu ya mawimbi madogo yanayobeba tarakimu kwa pamoja, kila moja polepole, na kati ya kila hatua limeachiwa nafasi ya kusubiri mwangwi. Mwangwi unaofika ndani ya nafasi hiyo hauharibu kitu. Nimewahi kumpatia mteja picha safi kwa kuifanya antena iupe mnara mgongo na kuielekeza kwenye ukuta wa jengo la mbele yake. Kila nikiliona hilo linanipa heshima kwa watu waliobuni mfumo huu.

Kuna nyumba ambazo hakuna kosa la waya wala antena, ila TV yenyewe haijui lugha ya huku. Ndugu amerudi kutoka Marekani au Japani na TV nzuri, inachomekwa, inasachi, haioni kitu. Sisi tunatumia mfumo wa DVB-T2. Marekani wana wao, ATSC, na Japani wana wao, ISDB-T, ambao hapa Afrika umechukuliwa pia na Botswana. Hakuna kusachi kutakakoipatanisha mifumo hiyo. TV hiyo haijaharibika: itumie kama kioo tu, king'amuzi kikiunganishwa nayo kwa waya wa HDMI, na uhakikishe kwanza nyuma imeandikwa inakubali volti 220 hadi 240, kwa sababu nyingine ni za volti 100 au 120 pekee na zitaungua. Hata TV za madukani kwetu, za zamani kidogo, zina kibandiko cha DVB-T bila ile 2, nazo hazitaona matangazo ya T2 kwa antena peke yake. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Picha inayoganda baada ya saa moja ya kuangalia, kisha ikapona king'amuzi kikizimwa na kupumzika, ni joto. Kina mama wanisamehe, lakini kitambaa cha kudarizi kinachofunika matundu ya king'amuzi kinakipika. Kiwekwe wazi, kisikae juu ya redio wala kifaa kingine chenye joto. Kikiwa kinajizima na kujiwasha chenyewe mfululizo, jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua, kabla hujakihukumu.

Na jambo moja ambalo si ugonjwa, ingawa naulizwa kila mechi ya Simba na Yanga: kwa nini jirani mwenye redio anashangilia goli wakati kwangu mpira bado upo katikati ya uwanja? Kugeuza picha kuwa tarakimu, kuzifunga, kuzirusha na kuzifungua kunachukua sekunde kadhaa. Hakuna antena itakayozirudisha.

Kwa wenye madishi nitasema kidogo, maana hiyo ni kazi ya peke yake. Dar es Salaam ipo nyuzi 39 Mashariki. Setilaiti ya DStv ipo nyuzi 36, kwa hiyo dishi lake hapa kwetu hutazama karibu utosini. Ya Azam ipo nyuzi 7, na dishi lake linatazama magharibi. Ndiyo maana kuhamisha king'amuzi kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila kugeuza dishi hakuleti kitu. Setilaiti hizo zipo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Dishi likipinda nyuzi moja tu kwa kugongwa na ngazi au embe lililodondoka, huko juu limekosea kwa zaidi ya kilomita 600.

Kusachi kuna wakati wake: unapofunga king'amuzi kipya, unapohamia mji mwingine, kampuni inapotangaza imebadili masafa au imeongeza chaneli. Hata hapo, kama unaijua namba ya masafa, tafuta kwa mkono fungu lile moja, ili yale mengine yabaki kwenye orodha.

Kuhusu kupanda, nawaomba jambo moja kwa moyo wote. Usipande bati likiwa limelowa, wala wingu la radi likiwa angani. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, kwa sababu chini yake kuna mbao. Na kabla hujasimamisha mlingoti, pima kwa macho: ukianguka upande wowote, utafika kwenye nyaya za umeme? Ukifika, usiusimamishe hapo, hata kama mawimbi ni mazuri kiasi gani.

Ukimwita fundi, mwambie akuonyeshe ile mistari miwili kabla hajagusa kitu, na akuonyeshe tena akimaliza, kwa kila fungu. Akikwambia waya umeoza, akupe kipande ukitazame. Kisha andika namba za masafa na ubora wa kila moja kwenye karatasi, pamoja na tarehe, uibandike nyuma ya king'amuzi. Mwezi ukiisha, zilinganishe. Ubora ulioshuka kutoka 80 hadi 60 huku picha ikiwa bado safi ni maji au kutu inayoanza mahali fulani, na ukiiona mapema utapata muda wa kuitafuta siku ya jua, mchana, kabla ya mechi.